Dripu Haikurudishi Kazini

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni moja. "Daktari, niwekee dripu moja ya nguvu, kesho naingia kazini." Mwalimu analiuliza Jumapili jioni. Dereva wa bodaboda analiuliza akiwa na kofia ngumu mkononi, pikipiki ameiegesha getini. Mama lishe wa stendi analiuliza kwa niaba ya mumewe, mume mwenyewe amekaa pembeni anatikisa kichwa kukubali. Wengine hawaulizi kabisa. Wanakunja mkono wa shati, wanautega, wanasubiri sindano.

Najibu hapa ili nipate nafasi ya kuzungumza mambo mengine chumbani. Hakuna dripu ya nguvu. Haipo Kitete, hospitali yetu ya hapa Tabora, haipo Muhimbili, na anayekwambia ipo India hajaiona. Kuna dripu ya maji na chumvi, kuna dripu ya maji na sukari, kuna zinazochanganya vyote viwili, na kuna zinazobebea dawa. Nguvu za kurudi kazini haziingii kupitia mshipa wa mkono.

Tuifungue chupa yenyewe. Ile ya chumvi, iliyoandikwa 0.9%, ina gramu 4.5 za chumvi katika kila mililita 500. Ni chumvi ileile ya kupikia, iliyosafishwa vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Kwa hiyo mzee mwenye presha, ambaye nyumbani mkewe anamfichia kikopo cha chumvi, anakuja kuingiziwa karibu kiwango cha siku nzima kwa chupa moja, na analipia.

Ile ya sukari, iliyoandikwa 5%, ina gramu 25 za glukosi katika mililita 500. Hiyo ni nishati isiyofika kalori 100. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari nyingi kuliko hiyo, nayo haihitaji sindano. Mtu mzima anayefanya kazi ya mikono anahitaji kalori 2,500 kwa siku, mara nyingi zaidi. Ukitaka kumlisha kwa dripu hiyo, umtundikie chupa 25 na ushee, zaidi ya lita 12 za maji. Atazama kutoka ndani kabla hajashika jembe.

Halafu kuna ile ya njano, inayopendwa kuliko zote na inayouzwa ghali kuliko zote. Rangi ile ni ya vitamini B, hasa riboflavini, iliyochanganywa kwenye chupa ileile ya chumvi au sukari. Mwili huchukua kiasi unachohitaji, ambacho kwa mtu anayekula ugali, maharage, mboga na karanga ni kidogo sana, na figo zinamwaga kilichobaki. Ndiyo sababu mkojo unakuwa wa njano kali baada ya saa chache. Mgonjwa anafurahi, anasema uchafu unatoka. Kinachotoka ni vitamini aliyoinunua.

"Lakini mimi nilipowekewa nilijisikia vizuri." Najua, na wala sikubishii. Sababu zipo, na hakuna hata moja iliyo siri. Kwanza, umelala kitandani saa tatu au nne mchana bila simu ya bosi, na yawezekana huo ndio usingizi wako wa kwanza wa maana tangu uugue. Pili, kama ulikuwa umetapika au umetokwa jasho la homa siku mbili, ulikuwa umepungukiwa maji, na maji yamerudi. Hata hivyo, kama ulikuwa unaweza kunywa, ORS ingefanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo zaidi. Tatu, nesi alikupa na paracetamol, homa ikashuka. Nne, na hii ndiyo kubwa, mtu huomba dripu siku ya pili au ya tatu ya dozi, wakati dawa mseto ya malaria imeshaua wadudu wengi. Dawa imefanya kazi kimyakimya ndani ya damu, chupa imetundikwa juu ambapo kila mtu anaiona. Sifa zote zikaenda kwa chupa.

Sasa tuulize nguvu zenyewe zimekwenda wapi, maana zimekwenda kweli, mgonjwa hadanganyi. Tuchukue malaria, kwa sababu hapa kwetu ndiyo mwenyeji. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta Tabora ikiongoza mikoa yote: katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano, 23 walikuwa na vimelea vya malaria, wakati kitaifa walikuwa 8. Vimelea hivyo huishi ndani ya chembe nyekundu za damu na huzipasua. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Dawa mseto inamaliza vimelea kwa siku tatu, lakini kutengeneza damu iliyopotea ni kazi ya uboho wa mifupa, na uboho hauna zamu ya usiku. Baada ya malaria kali, wingi wa damu huchukua wiki kadhaa kurudi mahali pake, mara nyingi nne hadi sita. Kwa wiki hizo zote kipimo kinaweza kuonesha huna mdudu hata mmoja, na bado ukipanda ngazi moyo unadunda na masikio yanavuma. Ukiongeza maji kwenye damu iliyopungua, hujaongeza damu. Umeizimua.

Misuli nayo imepungua. Mtu akilala kitandani wiki nzima misuli ya mapaja na ya mgongo huanza kusinyaa, tena kwa mtu mwenye umri mkubwa husinyaa upesi zaidi. Misuli hairudi kwa kulazwa tena ukiwa umefungwa mpira mkononi. Inarudi kwa chakula chenye protini na kwa kuitumia: kutembea hadi kwa jirani leo, hadi barabarani kesho, hadi sokoni keshokutwa. Na kuna ubongo, ambao hakuna anayeutaja. Baada ya homa kali watu wengi hukaa siku kadhaa wakiwa wazito wa kufikiri: karani anajumlisha mara tatu anapata majibu matatu, dereva anaona lori likiwa limeshafika. Hakuna chupa ya hilo pia. Kuna usingizi na muda.

Wenye mzaha huniambia, "Basi daktari, hata kama haisaidii, haidhuru." Inadhuru. Mwenye moyo dhaifu au figo zilizochoka akijazwa maji, maji huishia mapafuni, na usiku anaamka anatafuta pumzi. Mpira ukiwekwa ovyo mshipa unavimba, wadudu wanaingia, tunaanza kutibu mkono badala ya malaria. Na katika ukanda wetu huu tuna ushahidi ambao dunia nzima iliusoma: utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliofika hospitali na homa kali na mzunguko wa damu uliodorora, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Madaktari wengi walitegemea kwamba kuwajaza maji ya mshipa kwa haraka kutaokoa maisha. Waliojazwa walikufa karibu 10.6 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiojazwa walikufa 7.3. Hao walikuwa watoto mahututi, na chupa moja inayodondoka taratibu kwa mtu mzima mwenye afya yake si jambo lilelile. Lakini mtu akiniambia tena kwamba maji ya mshipa ni kitu kisicho na madhara, namkumbusha hesabu hiyo.

Dripu ina wakati wake, na wakati huo hatungoji uombe. Mwenye kipindupindu aliyekauka, anayetapika kila anachomeza, aliyepoteza fahamu, anayeingia au kutoka chumba cha upasuaji, mwenye kisukari kilichopanda hadi damu imekuwa na asidi: hao tunawatundikia tukiwa tunakimbia. Ukiwa na nguvu za kuja mwenyewe kwa miguu na kuchagua rangi ya chupa, huihitaji. Na duka la dawa muhimu la mtaani, hata muuzaji awe mpole namna gani, halina ruhusa ya kukudunga sindano wala kukutundikia kitu kwenye chumba cha nyuma kilichozibwa kwa khanga.

Dripu ina pacha wake: kupima tena. Mtu amemaliza dozi, homa imekata, anakula, lakini kwa kuwa bado ana uchovu anakwenda kupima "kuhakikisha". Kipimo cha haraka cha malaria kinasoma mistari miwili. Anarudi kwa hofu: bado ninayo! Anapewa dozi nyingine, na dripu juu yake, na wiki nyingine nyumbani. Kipimo kile hakitafuti mdudu aliye hai. Kinatafuta protini aliyoiacha, na protini hiyo huzunguka kwenye damu wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi ya nne baada ya mdudu kufa. Kama homa haijarudi, usipime. Kama imerudi, omba kipimo cha darubini.

Nimetumia nafasi yote hii kwa chupa kwa sababu chupa inaziba mazungumzo. Swali la maana la mtu anayetoka kuugua ni hili: kazi yangu inadai nini mwilini, na mwili wangu wa leo unaweza kipi katika hivyo? Likiulizwa hilo, daktari na mgonjwa wanakuwa na la kuongea. Likiulizwa la dripu, daktari anaandika, mgonjwa anaondoka, na kila mmoja amebaki na picha yake.

Picha ya daktari mara nyingi ni karatasi. Vipimo vimerudi safi, joto ni 36.8, faili limefungwa. Niwaseme na wenzangu: tunaandika "ED siku 3", yaani ruhusa ya kutokwenda kazini, kwa mkono mmoja huku tunaita anayefuata, bila kumuuliza mtu anafanya kazi gani. Siku tatu zilezile anapewa karani wa benki anayekaa kwenye kiti cha kuzunguka na kijana anayepakia magunia ya mpunga stesheni. Kwa karani ni nyingi. Kwa mpakiaji ni kichekesho.

Picha ya mgonjwa ni nyingine kabisa. Yeye hahesabu joto. Anahesabu hesabu ya tajiri mwenye pikipiki, inayotakiwa kila jioni awe mgonjwa asiwe mgonjwa. Anahesabu marejesho ya Ijumaa, na kama ni yale ya mkopo wa kausha damu, basi damu inakaushwa mara mbili. Anahesabu kibarua ambacho kuna watatu wanaokisubiri. Ukimwambia mtu huyu "pumzika wiki mbili" anakuitikia kwa adabu, "Sawa daktari", kisha anatoka mlangoni na kwenda kutafuta mtu wa kumtundikia. Si kwamba ni mjinga. Ameandikiwa kitu asichoweza kukinunua. ED ni karatasi ya mtu mwenye wa kumpelekea. Walio wengi katika mkoa huu, wakulima, wachuuzi, mafundi, warina asali, hawana.

Hilo si jipya kwenye njia hii. Wakati misafara ilipokuwa inapita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na msafara haukuwa na desturi ya kumngoja mpagazi aliyeshikwa na homa. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipokuwa hawezi kutembea, mwishoni mwa 1857 na mwanzoni mwa 1858, alibebwa kwenye machila. Waliombeba walikuwa na homa zao pia, ila hawakuwa na wa kuwabeba.

Na tuna mgonjwa mmoja mashuhuri aliyekuwa pia daktari, ambaye kisa chake nakitumia kila mtu anaponiambia kwamba alipumzika miezi mitano na bado hana nguvu. David Livingstone alifika Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, pamoja na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, mnamo Februari 1872. Stanley alimsihi warudi wote Uingereza, apate matibabu. Akakataa, akabaki. Alikaa Kwihara toka Machi hadi Agosti akingoja watu na mizigo kutoka pwani. Alikula, alilala, aliandika. Tatizo lake moja la muda mrefu lilikuwa bawasiri zilizomtoa damu, ambazo miaka kadhaa nyuma, akiwa Uingereza, alikataa zifanyiwe upasuaji. Mapumziko hayakuzigusa. Agosti 25 alirudi kazini, yaani alirudi porini kutafuta chanzo cha Nile. Masika yalimkuta kwenye mabwawa ya Bangweulu akitokwa na damu nyingi hadi akashindwa kutembea, na Mei 1, 1873 alikufa katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao ndio walioubeba mwili wake, wakapita tena Kwihara, hadi Bagamoyo.

Yule alikuwa daktari. Alijua damu inayovuja inafanya nini. Lakini alijiuliza swali lile lile la walioko kwenye benchi langu: nina nguvu za kuondoka? Hakuuliza kilichozimaliza nguvu ni nini na kama bado kipo. Uchovu usioisha una chanzo. Inaweza kuwa minyoo ya safura inayofyonza damu, hedhi nyingi, vidonda vya tumbo, kisukari ambacho hakijagunduliwa, kifua kikuu, VVU, au sonona, ambayo nayo ni ugonjwa na ina tiba. Tunatafuta chanzo. Kupumzika bila kukitafuta ni kuongeza siku tu.

Kuna na wale ambao chanzo kinawangoja kazini. Msimu wa kuchuma tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, tunapokea vijana wenye kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kulegea mwili, wameanza jioni baada ya siku nzima shambani. Nyumbani wanaambiwa ni malaria, au wanaambiwa wamerogwa na jirani mwenye mabani mengi ya kukaushia tumbaku. Wengi wao wamelewa nikotini. Jani bichi lililolowa umande au mvua linaitoa nikotini, na ngozi ya mikono na mapaja inainyonya, na nguo iliyolowa inaendelea kuikandamiza mwilini. Ukimweka kijana huyo kitandani siku moja mbali na shamba anapata nafuu, dripu inasifiwa, kesho yake alfajiri anarudi kwenye majani yaleyale yenye umande, Ijumaa analetwa tena. Tiba yake ni kungoja jani likauke, kuvaa glavu na mikono mirefu, kubadili nguo zilizolowa na kuoga kwa sabuni akitoka. Watoto wasiingie kabisa.

Upande wa pili wa makosa haya yuko mwajiri anayetaka barua isemayo mfanyakazi "amepona kabisa". Siandiki barua hiyo. Hakuna daktari anayeweza kuiandika kwa ukweli, kwa sababu mtu mwenye presha, kisukari, kifafa au VVU mara nyingi hatapona kabisa na bado anaweza kufanya kazi miaka 30. Ninachoweza kuandika ni kile anachoweza na asichoweza: asibebe zaidi ya kilo 10 kwa wiki nne, asipande ngazi ndefu, asikae zamu ya usiku, apewe nafasi ya kumeza dawa. Jina la ugonjwa ni siri ya mgonjwa, mwajiri halihitaji ili kupanga kazi.

Kifua kikuu ndicho kinachoonesha makosa ya pande zote kwa pamoja. Bosi anamkimbia mfanyakazi miezi sita. Mfanyakazi, akiona kikohozi kimekata na uzito umerudi mwezi wa pili, anarudi kazini na kuacha dawa, maana kichwani mwake kufanya kazi ndiko kupona. Wote wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Kwa kifua kikuu cha kawaida kisicho sugu, uwezo wa kuambukiza hushuka sana baada ya wiki mbili hivi za dawa sahihi zinazomezwa bila kukosa, kwa hiyo mara nyingi mtu anaweza kurudi mapema kuliko bosi anavyodhani, kituo cha tiba kikithibitisha. Lakini dawa ni miezi sita, kazini au nyumbani, na ni bure. Anayeiacha mwezi wa pili anaweza kurudi na kifua kikuu sugu, na hapo wenzake ofisini watakuwa na sababu ya kuogopa.

Basi, tuingie kwenye la kufanya, kwa haraka, maana foleni ni ndefu.

Njoo na kazi yako. Kabla hujaomba siku, mwambie daktari unainua nini, unasimama saa ngapi, unaendesha nini, unaamka saa ngapi, unalipwa kwa siku au kwa mwezi. Asipouliza, sema mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kazi anapewa siku tatu.

Jipime nyumbani. Tembea dakika ishirini, panda mlima mdogo au ngazi, fanya kazi za nyumbani nusu siku. Ukilala vizuri na kuamka sawa, unakaribia. Ukilazimika kulala kesho yake mchana kutwa, bado.

Rudi kwa awamu. Nusu siku wiki ya kwanza, au siku moja kazi na siku moja pumziko, kisha ongeza. Kazi nyepesi si aibu. Burton alipokuwa hajapata nafuu Kazeh, yaani Tabora yetu hii, katikati ya 1858, mwenzake Speke akaenda kaskazini akaliona ziwa Nyanza, yeye akabaki hapa anakusanya habari na misamiati, na alichokiandika bado wanahistoria wanakisoma. Mpakiaji anaweza kuhesabu magunia wiki mbili. Mwalimu anaweza kusahihisha kabla ya kusimama vipindi vinane.

Wa bodaboda: mpe deiwaka, dereva wa muda, pikipiki kwa makubaliano ya wazi na tajiri, upate kidogo kuliko kukosa chote. Ukisimama ghafla ukaona giza, au ukajikuta unasinzia mchana, usipande. Wenye shamba, isipokuwa wachumaji wa tumbaku: anza asubuhi na mapema kwa saa mbili, acha kulima kwa nguvu kwanza, palilia. Wenye biashara ya kusimama: tafuta kigoda.

Kula. Mayai, dagaa, maharage, karanga, mboga za majani, nyama ukiipata. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, meza pamoja na tunda kama embe au chungwa na usivisindikize kwa chai, maana chai inazuia chuma kufyonzwa. Endelea navyo hadi utakapoambiwa uache, hata ukijisikia vizuri. Wingi wa damu upimwe kabla ya kurudi kwenye kazi nzito.

Mwenye ajira: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Mwajiri hawezi kukutimua kwa sababu tu uliugua: kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka aangalie ugonjwa ni wa muda gani na kama kuna kazi nyingine au marekebisho yanayowezekana kwanza. Ukifukuzwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ndani ya siku 30, usikae nyumbani ukilalamikia ukoo. Kama ugonjwa au jeraha limetokana na kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndio wenye jukumu, na michango yake inatoka kwa mwajiri peke yake, si kwenye mshahara wako. Toa taarifa mapema.

Asiye na ajira hana karatasi, lakini ana watu. Chama cha kuweka na kukopa kina kanuni ya msiba. Kiandike na kanuni ya ugonjwa: marejesho yasogezwe wiki mbili kwa aliyelazwa. Ni mstari mmoja kwenye katiba ya kikundi, na umezuia dripu nyingi kuliko hotuba zangu zote.

Rudi hospitali haraka, usirudi kazini, ukiona homa imerudi, pumzi inakata ukiwa umekaa, macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, miguu imevimba, umezimia, umechanganyikiwa, kifua kinabana, au uchovu umepita wiki sita bila kupungua. Huko nako hatutaanza na chupa. Tutaanza na kipimo cha damu na maswali kuhusu kazi yako, kwa hiyo uje umeshajiandaa kuyajibu.